Mwezi Upi? Mkopo wa HELB kwa Nyumba Zinazohesabu Kaskazi na Kusi

Kwenye fomu ya kuomba pesa za chuo, baada ya jina la baba, nambari ya kitambulisho chake na kazi yake, pana nafasi ya kujaza kipato cha mzazi kwa mwezi. Kijana aliyekuwa mbele ya kompyuta, katika saiba moja pale Langoni, mjini Lamu, akamgeukia babake. "Baba, niandike ngapi?" Mzee alikuwa amekumbatia bahasha ya kaki yenye vyeti vya nyumba nzima. Akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Mwezi upi?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Kila msimu wa fomu watoto wa mtaani hunigongea mlango, nami huwafuata hadi saiba kwa kuwa nilishakopa, nikalipa, na katikati nikaumia. Swali la mzee lilikuwa la haki kabisa. Yeye ni nahodha wa mashua. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, hurudi na nguru na kambamawe, na baada ya kutoa petroli, barafu na sehemu za mabaharia hubaki na kitu cha kutia mfukoni. Kusi ikishika, bahari hufunga; kuna mwezi ambao mashua haitoki ila siku nne tano. Malindi hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mpishi wa hoteli ana Agosti na ana Desemba, kisha ana Mei, mwezi ambao wageni wamekwenda zao na hoteli zimefunga milango zinapakwa rangi.

Mkopo wa elimu, tangu unapouomba hadi unapoumaliza, unahesabiwa kwa miezi. Nyumba zetu zinahesabu kwa misimu. Nimeona jamaa waliosoma vizuri wakikwama kwenye mkopo huu, na karibu kila mara walikwama kwenye pengo la hesabu hizo mbili.

Kwanza mifuko. Tangu 2023, mwanafunzi anayepelekwa na serikali katika chuo kikuu cha umma hupata pesa kutoka mahali pawili, ingawa anaziomba kwenye tovuti moja. Mfuko wa kwanza ni ufadhili, unaotolewa na Hazina ya Vyuo Vikuu. Huo hautalipwa. Wa pili ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo kila mtu huiita HELB. Huo utalipwa wote, na mkopo wenyewe una vipande viwili: cha karo, kinachokwenda moja kwa moja chuoni wala hukioni, na cha matumizi, kinachoingia kwako. Siku hicho cha matumizi kinapoingia wanafunzi huambizana "HELB imeingia", na hapo ndipo wengi hukosea hesabu, kwa sababu hudhani HELB ni hicho tu walichokigusa. Miaka minne baadaye huletewa deni lenye karo ndani yake wakasema wameonewa.

Kudhani kwamba pesa za serikali ni za bure ni kosa la kale. Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa mikopo mwaka 1952 kwa Wakenya waliokwenda kusoma ng'ambo. Baada ya uhuru, katika mwaka wa fedha wa 1974/75, ukaja mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa Nairobi, Makerere na Dar es Salaam. Pesa zilitoka, kurudi hazikurudi: hapakuwa na sheria ya kuzidai, na waliozichukua wengi waliamini ni haki yao kutoka kwa serikali yao. Ndipo 1995 Bunge likapitisha sheria iliyounda HELB, ikaipa meno ya kudai. Meno hayo nitayarudia, maana hata wanaoomba leo huwa hawajayaona.

Sasa madaraja, ambayo vijana huyaita bendi. Yako matano, kuanzia nyumba isiyo na kitu hadi nyumba inayojiweza. Daraja la kwanza hufadhiliwa asilimia 70 ya gharama ya kozi, hukopeshwa asilimia 25, na familia hutoa 5. La pili ni 60 kwa 30 kwa 10. La tatu, 50 kwa 30 kwa 20. La nne, 40 kwa 30 kwa 30. La tano, 30 kwa 30 kwa 40. Juu ya hayo kuna mkopo wa matumizi kwa mwaka: shilingi 60,000 kwa daraja la kwanza, ukishuka kwa elfu tano tano hadi 40,000 kwa la tano.

Watu wakisikia hivyo husema, aliye daraja la kwanza kasoma bure. Chukua kalamu. Tuseme kozi inagharimu 200,000 kwa mwaka, niliyoichagua kwa wepesi wa hesabu tu. Mtoto wa daraja la kwanza atakopeshwa karo ya 50,000 na matumizi ya 60,000: jumla 110,000 kwa mwaka. Mtoto wa daraja la tano atakopeshwa karo ya 60,000 na matumizi ya 40,000: jumla 100,000. Siku ya kuhitimu, maskini ana deni kubwa kuliko la anayejiweza. Na wa daraja la pili ndiye mwenye kubwa kuliko wote, 60,000 na 55,000, yaani 115,000 kwa mwaka, 460,000 kwa miaka minne. Sielezi hili ili mtu akimbie. Familia ya daraja la kwanza inatoa 10,000 kwa mwaka ambapo ile ya tano inatoa 80,000, na tofauti hiyo ndiyo inayomwingiza chuoni mtoto ambaye angebaki gatini. Nalieleza ili mzazi aliyeambiwa "mwanao kapewa" ajue kilichotolewa na kilichokopeshwa.

Mfumo huu wenyewe umefikishwa kortini. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa na mgao ukaendelea. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu angalia viwango vya mwaka wako, usitegemee vya kaka yako. Na anayekwenda chuo kikuu cha kibinafsi ajue mapema kwamba anaweza kuomba mkopo lakini ufadhili huu hautamfuata huko. Wa vyuo vya ufundi na wa vyuo vya mafunzo ya udaktari nao hukopeshwa na HELB. Kiasi ni kidogo, lakini masharti ya kulipa yanafanana, na ni hao ninaowaona wakisahau upesi zaidi, kwa kuwa kozi ni fupi.

Turudi kwa nahodha. Viwango vilivyotangazwa 2024 viliweka nyumba yenye kipato cha chini ya 5,995 kwa mwezi katika daraja la kwanza, hadi 23,670 katika la pili, hadi 70,000 katika la tatu, hadi 120,000 katika la nne, na zaidi ya hapo la tano. Mzee angeliandika mwezi wa kaskazi, 38,000, angelikuwa amejiweka la tatu. Angeliandika mwezi mbaya wa kusi, 5,000, angelijiweka la kwanza, na angelikuwa amedanganya katika hati atakayotia sahihi.

Nikamwuliza kama ana daftari. Kila nahodha analo. Alimtuma mtoto mdogo alilete kutoka nyumbani, daftari la kurasa tisini na sita lenye harufu ya chumvi, ambamo huandika petroli, barafu, waliochukua kwa mkopo na waliolipa. Tukaketi kwenye baraza nje ya saiba tukahesabu mwaka mzima. Miezi mitano ya kaskazi na pembezoni mwake, 38,000 kila mmoja baada ya kutoa gharama: 190,000. Miezi mitatu ya maleleji, pepo zinapobadilishana, 15,000 kila mmoja: 45,000. Miezi minne ya kusi, 5,000 kila mmoja: 20,000. Jumla 255,000. Ukigawa kwa kumi na mbili unapata 21,250. Hicho ndicho kipato chake cha mwezi, ingawa hakuna mwezi hata mmoja katika mwaka ambao alikipata.

Fanya hivyo hivyo ukiwa mama wa kukaanga viazi karai, mwenye bodaboda, mchongaji wa milango au mpishi wa hoteli ya msimu. Jumlisha mwaka, toa gharama za kazi, gawa kwa kumi na mbili. Kipato si kipimo pekee: wanatazama pia idadi ya watoto walio shuleni, mahali mnapoishi, ulemavu, yatima, kozi yenyewe. Ndiyo maana kila kiambatisho kidogo kina uzito. Mtoto aliyefiwa na baba akisahau kupandisha cheti cha kifo, tarakilishi haitajua kwamba amefiwa. Na daraja likitoka si sawa, kuna nafasi ya kukata rufaa kwenye tovuti ile ile. Nawasihi wazazi waitumie. Watu wetu wana haya ya kudai. Wakishaambiwa "ni hivyo" na mashine, hukunja fomu wakarudi nyumbani.

Kitambulisho ni mlango wa pili. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani walipigwa msasa wa ziada kabla ya kupewa, wazee wakaitwa kushuhudia kwamba mtoto ni wa hapa. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuuondoa msasa huo. Hata hivyo anza mapema, siku ile mtoto anapotimiza miaka kumi na minane, usingoje matokeo ya kidato cha nne. Na laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina la mwombaji mwenyewe. Nimeona kijana aliyejaza fomu kwa laini ya shangazi yake. Kila ujumbe uliokuja ulisomwa na shangazi, aliyedhani ni matapeli, akaufuta.

Halafu wadhamini. Fomu inataka watu wa kukudhamini, na kwetu hilo hufanyika baada ya swala ya Alasiri, msikitini au barazani: "Ami, nisaidie kitambulisho." Ami hutoa kitambulisho kama anavyotoa shilingi kumi ya chai. Tafadhali, mketishe chini umweleze. Mdhamini ametia jina lake katika mkataba. Mkopaji akipotea, yeye hupigiwa simu. Mjomba wangu alipigiwa, na alichoniambia sikukisahau: "Mwanangu, kama ungeniambia ni deni, ningekubali vile vile. Lakini ningelijua."

Jambo la kutaja upesi lakini lisilosameheka: mkopo huombwa upya kila mwaka. Kupewa mwaka wa kwanza hakukupi wa pili. Wako wanaofika mwaka wa pili pale Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, wakiwa na mkoba na nauli ya kutoka Mokowe, ndipo wagundue hawakuomba.

Sasa riba, na hapa naomba niende polepole, kwa kuwa kwa nyumba nyingi za Lamu na Malindi mazungumzo huishia hapa kabla hayajaanza. HELB hutoza asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Ukilinganisha na benki, ni kidogo mno. Benki za Kenya hukopesha raia wa kawaida kwa zaidi ya asilimia 10. Lakini kwa Muislamu anayeshika dini yake, swali haliko kwenye udogo wa kiwango. Riba imeharamishwa, na uchache hauihalalishi. Nimesikia masheikh wakitofautiana: wako wanaokataa kabisa, wako wanaoangalia dharura ya elimu, wako wanaouliza kama ile asilimia 4 ni riba au ni gharama ya kuendesha bodi. Mimi si mwenye elimu ya kutoa fatwa. Muulize unayemwamini, na ukienda kumwuliza mpelekee masharti yenyewe yaliyoandikwa, usimpelekee uvumi.

Ninachoweza kueleza ni njia zilizopo. Ombi la ufadhili na ombi la mkopo ni mambo mawili. Anayeona mkopo haumfai bado ana haki ya kuomba ufadhili, na hilo watu hawalijui. Wanaacha vyote viwili. Kisha pengo linalobaki hujazwa kwa basari ya kaunti, kwa hazina ya maendeleo ya eneobunge, iwe Lamu Mashariki, Lamu Magharibi au Malindi, na kwa mchango wa jamaa. Fomu za basari huhitaji sahihi ya chifu na mara nyingi ya imamu, na hutolewa kwa muda mfupi, kwa hiyo mtu awe na nakala za vyeti tayari nyumbani. Kwa daraja la pili na kozi yetu ya 200,000, asiyekopa karo atatafuta 80,000 kwa mwaka badala ya 20,000, na matumizi juu yake. Ni mzigo. Nimeona koo zilizoubeba kwa kupanga: huyu atatoa nauli, yule atatoa kodi ya chumba, mwingine chakula. Kilichowashinda wengine ni kuahidi kwa jumla bila mtu kupewa fungu lake.

Na wazee wana hofu nyingine ambayo wenye kuandika masharti ya mikopo hawaijui. Mtu akifa kwetu, kabla ya kuswaliwa, husimama mmoja wa jamaa akatangaza kwamba anayemdai marehemu aje kwa fulani. Deni hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Mzee anaposita kuona mwanawe wa miaka kumi na minane akitia sahihi ya laki nne na zaidi, ana picha hiyo machoni. Usimwambie "siku hizi kila mtu anakopa". Mwonyeshe namna litakavyolipwa.

Na litalipwa hivi. Sheria inampa mkopaji mwaka mmoja tangu amalize masomo, au kabla ya hapo bodi ikiamua kuudai mkopo wake. Ndani ya mwaka huo anatakiwa aijulishe bodi anwani yake, aanze kulipa, na kama ameajiriwa amruhusu mwajiri kukata kwenye mshahara. Soma tena: ni yeye anayetakiwa kuitafuta bodi. Wengi hukaa wakingoja barua. Aliyeacha chuo njiani naye anadaiwa alichokwisha kupokea, hata kama hakupata cheti.

Asiyetimiza hayo hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi uliopita bila malipo. Hapa ndipo kalamu inapohitajika tena. Deni la 460,000 kwa riba ya asilimia 4, kwa hesabu nyepesi, huzaa 18,400 kwa mwaka. Faini ya miezi kumi na miwili ni 60,000. Faini imeizidi riba mara tatu na zaidi. Na kwa aliyekopa kidogo ni mbaya zaidi: mtu wa chuo cha ufundi mwenye deni la 80,000 huzaa riba ya 3,200 kwa mwaka, lakini faini yake ni ile ile 60,000. Kwa hiyo mzee anayeogopa asilimia 4 na kijana anayeipuuza wote wawili wanatazama mahali padogo. Kinacholiumua deni ni mwezi kupita bila neno wala shilingi.

Ukilipa kwa utaratibu, sura ni tofauti kabisa. Deni hilo la 460,000 likigawanywa kwa miaka kumi, kwa asilimia 4 inayopungua kadiri deni linavyopungua, linakuwa kama 4,660 kwa mwezi. Kwa miaka sita, kama 7,200. Ni pesa, sikatai. Lakini ni kiasi ambacho mwalimu au muuguzi aliyeajiriwa anaweza kukitazama bila kukosa usingizi. Na anayepata fungu la ghafla, marupurupu au kiwanja kilichouzwa, alipe zaidi mara hiyo. Riba hupungua naye hutoka mapema.

Aliyeajiriwa husema: mimi nimetulia, mwajiri anakata. Mwajiri kisheria anatakiwa kuijulisha bodi ndani ya miezi mitatu tangu amwajiri mkopaji, kisha akate na kupeleka. Nami nilitulia hivyo hivyo. Nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Malindi, na hati yangu ya mshahara ilionyesha kila mwezi: HELB, 2,500. Miezi kumi na minne. Siku moja, kwa bahati tu, nikaomba taarifa ya deni langu nikaiweka kando ya hati za mshahara, mstari kwa mstari. Januari ipo, Februari ipo, hadi Mei. Juni haipo. Julai haipo. Miezi tisa ilikatwa kwangu, 22,500, na haikufika popote, na katika safu ya pembeni faini zilikuwa zimeanza kupangana kana kwamba ni mimi niliyenyamaza. Nilikwenda kwa mhasibu. Akasema msimu ulikuwa mbaya. Nililiwa na hasira ambayo hata leo nikiisimulia mkono hunitetemeka. Kilichoniokoa ni kwamba mama alinifundisha kutotupa karatasi. Nilikuwa na hati zote kumi na nne. Nilizitoa nakala, nikazipeleka na barua, nikafuatilia mwezi baada ya mwezi mpaka taarifa ikarekebishwa. Tangu hapo huomba taarifa ya deni kila baada ya miezi mitatu, na kila kijana ninayemjazia fomu namwambia anunue faili siku anayopata kazi.

Sasa asiye na kazi, ambaye ndiye wengi wetu. Mwaka unamalizika, amerudi Shela au Kisumundogo, anauza data, anasaidia kwenye mashua, anasubiri. Aibu humfunga mdomo. Anadhani akijitokeza atakamatwa, na asipojitokeza atasahauliwa. Hatasahauliwa: jina lake linaweza kupelekwa kwenye taasisi zinazotunza rekodi za wakopaji, na siku anapotaka mkopo wa kununua boti au bodaboda atakuta mlango umefungwa. Na kazi yenyewe ikija, cheti cha HELB ni miongoni mwa karatasi anazoweza kuulizwa. Aandike. Aende kwenye dawati la HELB katika Huduma Centre, au atumie tovuti, aeleze kwamba hana ajira, aombe kupangiwa kiasi anachokiweza, na abaki na nakala yenye tarehe. Si lazima uwe na mwajiri ndipo ulipe. Unaweza kulipa mwenyewe kwa simu, na nambari yako ya kitambulisho ndiyo inayokutambulisha. Mvuvi anaweza kulipa zaidi kaskazi ili kusi imkute ametangulia. Huko ndiko kuutafsiri mwezi wao kwa msimu wetu, na ajabu ni kwamba hakuna anayetufundisha.

Kwa waliokwisha kuzama, kuna mambo mawili ya kuwapa pumzi. Mara kadhaa HELB imetangaza msamaha wa faini kwa wanaolipa deni lililobaki kwa mkupuo. Masikio yawe wazi, na jamaa wanaoweza kuchanga wachange wakati huo. La pili ni la kisheria. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba HELB nayo inafungwa na kanuni inayoyafunga mabenki: deni lililokwama haliwezi kuzaa kupita kiasi cha deni lenyewe. Aliyekopa 100,000 miaka ishirini iliyopita na leo anadaiwa mara tano yake ana haki ya kuuliza hesabu imetoka wapi. Apeleke taarifa kwa wakili, au kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, kabla hajauza shamba.

Dakika zilikuwa zinakwenda pale saiba. Kijana aliandika 21,250. Akapandisha vyeti kimoja kimoja, baba akimpa kutoka kwenye bahasha na kukipokea tena, kama anayehesabu samaki. Walipofika kwenye ukurasa wa masharti, kijana akataka kubonyeza apite. Baba akaweka kidole juu ya kioo. "Soma," alisema. "Kwa sauti."

Akasoma. Ilichukua robo saa, na mwenye saiba akatutazama mara mbili. Mahali pa mwaka mmoja baada ya masomo mzee alimsimamisha, akauliza ni mwaka gani huo. Kijana akahesabu kwa vidole: miaka minne, kisha mmoja. Mzee akafungua daftari lake, akaruka kurasa za petroli na barafu, akaenda wa mwisho kabisa, ule wa ndani ya jalada. Akaandika jina la mwanawe, mwezi, na mwaka. Kisha, kwa kuwa mwezi huo unaangukia katikati ya kusi, akaandika pembeni yake mwezi mwingine, wa Januari iliyotangulia, akauzungushia duara.